Makohozi ya Kuazima

Mdogo wangu alikuwa akitemea kwenye kifuu cha nazi. Mama alikitia majivu, akakiweka karibu na mkeka wake, na kila asubuhi ilibidi mtu akimwage nyuma ya choo, afukie, atie majivu mapya. Mtu huyo nilikuwa mimi. Nilikishika kwa vidole viwili nikigeuza uso pembeni, lakini harufu ilinifuata. Makohozi yale yalikuwa mazito, ya kijani, yakivutika kama ulimbo, na hayakutaka kuachana na kifuu mpaka niyakwangue kwa kijiti. Siku nyingine nilitapika palepale, juu ya shimo nililokuwa nikilifukia. Nasema hivi kwa sababu watu waliokuja msibani walinisifu kuwa nilimpenda. Nilimpenda, ndiyo. Lakini pia nilikuwa namwonea kinyaa, na mkeka wangu niliuhamishia upande wa pili wa baraza nikidanganya kwamba huko kuna upepo.

Alikuwa ametoka Macaloe, kwenye dago la wavuvi, ambako wanaume kumi na zaidi walilala katika kibanda kimoja cha makuti. Alirudi amekonda, mifupa ya mabega imetokeza. Alikunywa maji kama mtu aliyevuka jangwa, na alikokojoa, ardhi ilijaa sisimizi. Mama aliwaona, akamwaga majivu pale pia. Nyumba yetu miezi ile ilikuwa ya majivu.

Ndiyo miaka ambayo gesi ilikuwa imepatikana baharini, na mji wetu wa Palma haukuwa na maneno mengine. Watu walitoka Nhica, walitoka visiwani, walitoka hata ng'ambo ya Rovuma, wakapanga foleni kuandikisha majina. Mdogo wangu aliandikisha lake. Jina likatoka. Akapewa karatasi ya kujaza na vikopo viwili vya plastiki vyenye vifuniko, kimoja cha mkojo, kimoja cha makohozi, kwa sababu kampuni haikumchukua mtu bila kumpima. Mashine ya kupiga picha ya kifua hawakuwa nayo wakati ule. Makohozi ya alfajiri, mtu alitakiwa ayatoe nyumbani kwake na kuyaleta.

Mimi nimesoma mpaka darasa la saba, kwa Kireno, na katika nyumba yetu huo ulikuwa usomi. Kwa hiyo karatasi niliijaza mimi. Ilikuwa na orodha ya magonjwa, na mbele ya kila jina miraba miwili, mmoja wa ndiyo, mmoja wa hapana. Tulikaa mkekani, yeye ameegemea nguzo, mimi na kalamu.

"Asma," nikasoma. "Hiyo pumu."

"Pumu anayo yule jirani yetu mgomvi. Angekuwa nayo zaidi kidogo tungepumzika. Tia hapana."

Nikatia hapana.

"Ngiri."

"Hiyo andika jina lako, wewe mkwea minazi."

"Acha upuuzi. Alergia."

"Nini hiyo?"

Nilifikiri. "Kama shangazi, akila kamba midomo inavimba."

"Basi huo si ugonjwa, kaka, ni uchoyo. Anataka tusimpikie wengine." Akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi, akavuta kifuu. Nilisubiri nikitazama upande mwingine. Alipomaliza akajifuta kwa kiganja, akasema, "Endelea."

Presha, hapana. Kifafa, hapana. Damu kupungua, hapana, ingawa ndani ya kope zake kulikuwa kweupe kama nyama ya nazi. Nikafika kwenye diabetes.

"Sukari," nikasema. "Na wale sisimizi?"

"Sisimizi wana njaa. Nani hapa hana njaa? Tia hapana."

Jina lililofuata lilikuwa la kifua kikuu. Nililisoma kwa Kireno tu, kwa sauti ndogo, na yeye hakuniuliza maana yake. Alikuwa anatazama mikono yake. Nikatia hapana. La mwisho sikulijua: magonjwa ya sistema imunitário. Nilirudia mara mbili. Nikamwambia labda ni mambo ya mishipa. Akasema kama hatulijui basi halituhusu, na nikatia alama kwenye mraba wa hapana kwa ugonjwa ambao sikujua hata unakaa wapi mwilini.

Halafu akavisukuma vile vikopo vikafika mbele ya goti langu.

"Kaka, nisimamie."

Kwetu neno hilo ni zito, na mtu akiambiwa na nduguye hageuki. Babu yetu alipelekwa kwenye kazi za kulazimishwa na Wareno mahali pa kaka yake aliyekuwa na mtoto mchanga, akaitika jina la kaka yake miezi yote ile. Baba alisimama kwenye shauri la shamba mahali pa nduguye aliyekuwa safarini. Mtu akiumwa siku ya kuchimba kaburi, nduguye anachimba zamu mbili, na hakuna anayesema fulani hakuja. Tumelelewa hivyo: waliotoka tumbo moja wanahesabiwa kama mtu mmoja. Kwa hiyo sikuona kwamba naombwa kudanganya. Niliona naombwa kusimama, na kifua changu kilikuwa kizima, nilikuwa nakwea minazi ishirini kabla ya jua kuwa kali. Damu moja, tulisema. Makohozi mamoja basi.

Mkojo ulikuwa rahisi. Makohozi sikuwa nayo. Alfajiri ile nilikaa uani nikijikohoza mpaka machozi yakanitoka, na kilichoingia kikoponi kilikuwa mate matupu, yenye povu. Mdogo wangu alikuwa amejifunika shuka, anatetemeka kwa homa na kwa kicheko.

"Mtu mzima huna hata kohozi moja! Nikuazime langu, tuchanganye?"

"Nyamaza, mama ataamka."

"Mate wanayakataa, kaka. Wanataka kitu chenye uzito."

Nikawasha makumbi ya nazi, nikainama juu ya moshi nikiuvuta kwa mdomo. Kifua kikaungua. Niliendelea mpaka kitu kikapanda kutoka chini, kijivu, chenye nyuzi nyeusi za masizi. Nikakitema. Yeye alikichukua kikopo, akafunga kifuniko, akakiinua kwenye mwanga uliokuwa ukianza, akakitazama kama mtu anayekagua lulu.

"Zuri," akasema. "Zuri kama la mzungu."

Tulicheka wote wawili. Hicho ndicho kinachonichafua roho kuliko kifuu, kuliko sisimizi. Tulicheka.

Kliniki yao ilikuwa ya makontena meupe, ndani kuna baridi na harufu ya glavu. Nilimsindikiza. Msichana wa mapokezi alikipokea kikopo akikishika kama nilivyokuwa nikishika kifuu, kwa ncha za vidole, akabandika karatasi na kuandika jina la mdogo wangu juu ya makohozi yangu. Baada ya siku chache majibu yakatoka, yameandikwa kwenye karatasi ileile niliyoijaza. Kifua: negativo. Sukari kwenye mkojo: hakuna. Chini wamegonga muhuri kwamba mtu huyu anafaa. Mama alipika wali wa nazi na samaki wa mchuzi, majirani wakala. Mdogo wangu alikula kwa furaha na kuwaeleza vijana wenzake, kwa kujisifu, jinsi kaka yake alivyo na kifua safi. Nilisikia. Nilifurahi pia, nisifiche.

Walimpa kazi ya kukata vichaka na kupanga vigingi vya mipaka. Alilala chumba kimoja na wanaume sita, madirisha yamefungwa kwa sababu ya kipoza hewa. Alipokuja siku za mapumziko alitusimulia kwamba kuna friji ya soda, unafungua unachukua, hakuna anayekuuliza. Alikuwa anakunywa tano, sita kwa siku, kiu yake haikuisha. Viatu vya kazi vilimpwaya. Alivijaza vitambaa.

Mvua za kwanza zilipoanza wakamrudisha nyumbani akapumzike, ana kikohozi. Usiku wa pili kifuu kilikuwa na damu. Asubuhi tulimpeleka hospitali ya serikali, mama, mimi na yeye, na akatupokea mganga mwanamke aliyetoka mikoa ya kusini. Alizungumza Kireno, mimi nikamtafsiria mama.

"Alishawahi kupimwa?" akauliza.

Mama alikuwa ameifunga ile karatasi ya kampuni ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na kadi ya chanjo ya mdogo wangu ya utotoni. Aliitoa kwa heshima, akampa. Mganga akaisoma yote, akaona tarehe, akaona muhuri.

"Hii si ya zamani. Kifua safi, sukari hakuna. Basi hii ni nimonia, na damu ni kwa ukali wa kikohozi." Vifaa vyake vya kupimia vilikuwa vichache mwezi ule, na alivitunzia wagonjwa ambao hawakuwa na karatasi yoyote. Alieleza hivyo kwa upole, kana kwamba anatuomba radhi.

Mdogo wangu alinitazama kutoka kwenye benchi. Mimi nilimtazama. Nikisema, kazi imekwenda, na labda wanatufunga wote wawili. Mama aliniuliza, "Anasemaje?" Nikamwambia anasema nimonia, kuna vidonge, atapona.

Tukarudi nyumbani na vidonge vya nimonia, ambavyo vilikuwa dawa nzuri kwa mtu mwingine.

Zilipita siku kumi na mbili. Siku ya kumi na mbili hakuweza kumaliza sentensi. Alianza, "Kaka, ile..." akaishiwa pumzi, akanyoosha kidole kwenye kifuu. Nilidhani anataka kutema. Akatikisa kichwa. Akakinyooshea tena, kisha akaninyooshea mimi. Nikaelewa kwamba ananipa ruhusa, na nikaona aibu kuwa nilikuwa nikiingojea ruhusa.

Nilikwenda hospitali peke yangu, karibu nakimbia. Nilimkuta yule mama mganga akiandika.

"Ile karatasi," nikasema, "makohozi si yake."

Akainua macho. "Ya nani?"

"Yangu."

"Na mkojo?"

"Wangu."

"Na zile hapana zote?"

"Nilizitia mimi."

Aliweka kalamu chini. Alijifuta midomo kwa mgongo wa mkono, kama mtu aliyemeza kitu kilichooza. Sijasahau namna alivyonitazama. Mimi nilikuwa nimekitazama kifuu vilevile.

"Kwa hiyo siku zote hizi nilikuwa nakutibu wewe," akasema. "Wewe mzima, unakwea minazi yako. Na yeye amekaa pale mbele yangu."

Mdogo wangu alibebwa kwa pikipiki, nimemshika kwa nyuma. Safari hii alitema mwenyewe, na halikuchukua muda. Kifua kikuu. Sukari ilikuwa juu sana. Yule mama, pamoja na hasira yake, alikaa pembeni ya kitanda na kutueleza taratibu, na hapo ndipo nilipopata maana ya lile jina la mwisho kwenye orodha. Alisema mwili una kinga. Vijidudu vya kifua kikuu huenda vilimwingia zamani, dagoni, vikakaa kimya kifuani, kinga imevizunguka na kuvifungia. Kisha sukari ikapanda, na sukari ikikaa juu kinga inalegea, vile vijidudu vikaamka.

Mdogo wangu aliposikia neno kinga alishtuka. Sisi tulilijua kwenye jina la ugonjwa mmoja tu, lile la mabango ya ukimwi.

"Mnasema... ninao?" akauliza.

"Tumepima, huna," nikamtafsiria. "Kinga inaweza kushuka kwa mambo mengi. Yako ni sukari."

Akafumba macho. "Basi wale sisimizi," akasema, akapumzika, "walikuwa mafundi kuliko kampuni."

Yule mama aliuliza amesemaje. Sikumtafsiria.

Alianza vidonge vya kifua kikuu na sindano ya sukari. Sisi wa nyumbani tukapimwa. Mama alikuwa salama. Mimi nilipewa kikopo kilekile, chenye kifuniko kilekile, na mara hii sikuhitaji moshi wa makumbi, maana nilikuwa nimeanza kukohoa na sikuwa nimemwambia mtu. Majibu yalitoka kwamba ninacho. Nikaanza vidonge siku tano kabla hajafa.

Nilimwosha mimi pamoja na maamu wawili, ndugu za baba. Wanaojua kuosha maiti wanajua kwamba tumbo hukandwa kidogo, na kwamba kilichobaki hutoka. Kilitoka kwa mdomo, na kilikuwa kilekile. Nilimfuta kwa pamba, nikamfuta tena. Nilikuwa na kinyaa hata wakati ule. Nilitaka kisiwepo, angalau saa ile, lakini kilikuwepo, na mikono iliendelea na kazi yake.

Wakati wa matanga watu walikaa barazani na kunisifu. Mzee mmoja alinishika bega akasema mbele ya wote, "Huyu ndiye ndugu. Alimsimamia mdogo wake mpaka mwisho." Wengine wakaitikia. Niliinuka nikaenda nyuma ya choo, mahali nilipokuwa nikifukia, nikasimama hapo mpaka walipobadilisha mazungumzo.

Siku ya tatu, baada ya hitima, watu wakila, mwenzangu mmoja wa kukwea minazi alikuja kukaa karibu yangu. Alininyooshea mkono, akaushika wangu kwa muda mrefu.

"Pole sana, kaka."

"Tumeshapoa."

"Kazi ya Mungu."

"Ndiyo."

Akasogea zaidi. Alikuwa na kanzu safi. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kitu amekifumbata, akakiweka chini ya ukingo wa sahani yangu. Kikopo.

"Najua si wakati wake," akasema kwa sauti ya chini, "lakini nimeambiwa nipeleke kesho. Mwenyewe nina kakikohozi ka baridi tu, naogopa wataandika mambo. Marehemu alituambia habari za kifua chako. Kidogo tu, kaka. Alfajiri nitapita."

Ndugu yangu hakuwa amemaliza siku tatu ardhini, na ubwabwa wa hitima ulikuwa bado kwenye vidole vya yule bwana. Nilimtazama anavyotafuna. Nitaandika nilichofikiri, kwa kuwa nisipokiandika haya mengine yote yatakuwa ya kujipamba: nilifikiri nimjazie. Kifua changu wakati ule kilikuwa na alichokuwa akikikimbia. Angekipeleka kwa mkono wake mwenyewe, kwa jina lake mwenyewe, na wangemkataa. Wazo hilo lilinipendeza. Lilikaa nami kwa muda wa matonge mawili.

Kisha nikamrudishia kikopo. "Makohozi yangu yana kifua kikuu," nikasema.

Akatabasamu. "Usininyime, bwana. Mdogo wako ulimpa."

"Nilimpa. Yuko makaburini."

"Kaka, mimi si mtu baki kwako..."

"Njoo nikuonyeshe."

Nilimchukua nyuma ya choo, kwa kuwa maneno yalikuwa hayamwingii. Vidonge vya kifua kikuu hugeuza rangi ya mkojo. Nilikojoa mbele yake kwenye majivu, na ulikuwa mwekundu kama chai ya rangi iliyokolea. Akaruka nyuma. Mkono ule aliokuwa ameushikia wangu aliupangusa kwenye kanzu, mara moja, mara mbili, bila kujijua.

"Kikohozi chako kipeleke hospitali ya serikali," nikamwambia. "Mwenyewe. Yule mama ni mkali lakini anaeleza. Mimi nitakwenda nawe kesho, nikutafsirie."

"Nitaangalia," akasema. Alitazama chini, akatafuta mahali pa kupita asikanyage majivu, akaenda. Alfajiri nilimngoja, hakupita. Baada ya wiki chache nilimwona amevaa viatu vya kazi. Sikumuuliza makohozi alipata kwa nani. Nilikwenda kwa yule mganga nikamtajia jina lake, na kwa hilo mtaani sikusifiwa tena.

Mama nilimweleza mwenyewe, siku ya arobaini ilipopita. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza jambo moja tu: siku ile nilipomtafsiria kwamba ni nimonia, nilikuwa najua? Nikamwambia nilikuwa najua. Akainuka akaenda kuchambua mchele.

Vidonge nilimeza miezi sita, bila kuacha hata siku moja. Mwisho wake nikatoa makohozi mara ya mwisho. Nilihangaika sana kuyapata, kama alfajiri ile, na mganga akaandika jina langu juu ya kikopo, nikamwona akiliandika. Majibu yakatoka: negativo. Akaniambia nimepona, akanipa mkono. Ilikuwa mara ya kwanza kunipa mkono.

Mama ameitia karatasi hiyo ndani ya mfuko uleule wa plastiki. Humo ziko mbili sasa. Moja ina jina langu na moja ina jina la mdogo wangu, zote zinasema kifua hakina kitu, na zote ni za kifua changu. Yake yeye, ile ya kweli, ilibaki kwenye daftari la hospitali. Niliwahi kumuuliza mama kama nichane ile yenye jina lake. Akasema iache, ni mwandiko wako ule.